Nusu dakika katikati ya uwanja: kisa cha shule ya Bremerton

Habari ilimfikia mkuu wa shule ikiwa imevaa nguo ya sifa. Ilikuwa Septemba 2015, katika shule ya sekondari ya Bremerton, jimbo la Washington, Marekani. Kocha wa timu pinzani alimwambia mkuu huyo kwamba kocha wao msaidizi, Joseph Kennedy, amewaalika vijana wa timu ya wageni wasali naye baada ya mechi, na kwamba amependezwa kuona shule inaruhusu jambo kama hilo. Hakuja kushtaki, alikuja kupongeza.

Pongezi hiyo ilizaa kesi iliyokwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa Juni 2022. Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kama kisa cha dini na katiba, na wanasheria wana haki ya kukisimulia hivyo. Lakini mimi nimefundisha michezo shuleni kwa miaka mingi, na kila ninaporudi kwenye kumbukumbu za kesi ile nakutana na shule tu. Nakutana na kocha mwenye sauti kuliko ofisi, na viongozi ambao hawakujua kilichokuwa kikiendelea uwanjani kwao. Nyuma yao yumo kijana mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza kitu.

Bremerton ni mji wa bandari, ng'ambo ya maji kutoka Seattle. Watu huvuka kwa kivuko. Hapo pana karakana kubwa ya meli za kivita, na sehemu kubwa ya maisha ya mji inaizunguka karakana hiyo pamoja na jeshi la majini. Kennedy alikuwa mtu wa mji huo hasa, mwanajeshi mstaafu wa kikosi cha Marine aliyefanya kazi karakanani. Mwaka 2008 shule ilimpa ukocha msaidizi wa timu ya kwanza ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mikononi na kuvaa helmeti, na ukocha mkuu wa timu ya chipukizi. Mkataba wake ulikuwa wa msimu mmoja mmoja, ukiisha unaomba upya. Ulimtaka pia awe mlezi na mfano kwa wanafunzi.

Hapa inabidi nimweleze msomaji wa huku kitu kimoja, maana bila hicho kisa chote kitaonekana kelele za bure. Sisi tuna UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, tuna mashindano ya kanda na ya mkoa, na tunajua jinsi kocha wa shule anavyoweza kupendwa. Lakini katika miji midogo ya Marekani, Ijumaa usiku wakati wa msimu, mechi ya shule ndiyo shughuli ya mji. Bendi ya wanafunzi inapiga, majukwaa yanajaa wazazi, wahitimu wa zamani na wazee wasio hata na mjukuu pale shuleni. Kijana wa miaka 16 anayepangwa kikosi cha kwanza anajulikana dukani na kanisani. Anayetaka kwenda chuo kwa ufadhili wa michezo anahitaji kocha amtaje vizuri kwa watu wa vyuo wanaotafuta wachezaji. Nani ataanza, nani atakaa benchi, nani ataandikiwa barua nzuri: yote yanapita mikononi mwa makocha. Mwalimu wa hesabu hana nguvu hiyo. Mara nyingi hata mkuu wa shule hana.

Sasa turudi kwa Kennedy. Alipoanza kazi, kila mechi ilipokwisha na timu kupeana mikono, alikwenda peke yake hadi katikati ya uwanja, kwenye mstari wa yadi 50, akapiga goti na kushukuru kwa takribani nusu dakika. Mechi kadhaa baadaye baadhi ya wachezaji wakamuuliza kama wanaweza kuungana naye. Akawajibu kwamba hii ni nchi huru, wafanye watakavyo. Wakaungana naye. Idadi ikapanda, hadi baada ya baadhi ya mechi ikawa sehemu kubwa ya timu. Kisha sala fupi ikaongezewa maneno ya kuhamasisha, kocha kasimama katikati ameinua helmeti za timu zote mbili, vijana wamepiga magoti wakimzunguka, na ndani ya maneno yake mna dini. Chumba cha kubadilishia nguo nacho kilikuwa na sala zake, ambazo zilikuwapo hata kabla yeye hajafika.

Naamini kabisa kwamba Kennedy alikuwa mkweli. Sijaona popote kwamba alimtishia mtoto au kumwadhibu kwa kutosali. Aliwapenda vijana wale, na wengi wao walimpenda. Ndiyo maana kisa hiki kina faida ya kukichambua, kwa sababu kama angekuwa mtu mbaya kingekwisha kwa kurasa mbili.

Mzazi mmoja alikuja kueleza, suala likiwa limeshawekwa wazi, kwamba mwanawe hakuwa na imani yoyote ya dini, na bado alijiona analazimika kushiriki, kwa kuwa alihofia asiposhiriki hatapata muda wa kutosha wa kucheza. Wazazi wengine walisema watoto wao walishiriki ili wasijitenge na wenzao, basi. Na kuna jambo moja lililoandikwa kwenye kumbukumbu za kesi ambalo huwa linanikaa kooni: baada ya Kennedy kusimamishwa, hakuna mwanafunzi wa Bremerton aliyeonekana akisali uwanjani. Vijana waliokuwa wanapiga goti kila Ijumaa, kocha alipoondoka, goti halikugusa nyasi.

Wapo wanaosema hiyo ni hofu tu ya mazingira yale yenye kelele, na huenda ilichangia. Lakini mimi namjua yule kijana, kwa sababu niliwahi kuwa naye.

Katika shule moja niliyofundisha, kabla ya kila mechi nilikuwa nawakusanya wachezaji, tunashikana mabega, tunaomba. Shule ilikuwa na Waislamu na Wakristo, na niliona nimefanya haki kwa kupokezana: leo dua, kesho sala. Tulikuwa na beki wa kushoto, mtulivu, mwenye mguu mzuri sana. Msimu mzima sikugundua kwamba kila tulipoanza kushikana mabega yeye alikuwa chini anafunga kamba za viatu. Ni mwalimu mwenzangu aliyeniambia, kwa upole, baada ya mchezo: "Mwalimu, yule kijana viatu vyake vina kamba ndefu kweli." Wiki iliyofuata nikamtazama. Alifungua kamba zilizokuwa zimefungwa vizuri kabisa, akazifunga upya taratibu, kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, kisha akarudi cha kulia, hadi tulipoitikia "Amin." Nyumbani kwao walikuwa na dhehebu lisiloruhusu kusali namna ile pamoja na wengine. Kuniambia hakuweza. Angeniambiaje, na mimi ndiye ninayeandika majina kumi na moja?

Tangu siku hiyo, kila nikisoma kwamba kwa zaidi ya miaka saba hakuna aliyelalamika kule Bremerton, nafikiria kamba za viatu. Wengi wa majaji waliitumia hoja ya miaka saba ya kimya kumtetea kocha. Kwa mtu aliyewahi kupanga timu ya watoto, kimya hicho hakithibitishi kitu. Mchezaji hamlalamikii anayempanga.

Hapo ndipo naona uongozi wa shule ulipoanza kukosea, mapema sana kuliko barua ya kwanza. Miaka saba, mechi baada ya mechi, jambo linafanyika mbele ya taa za uwanja, mbele ya mamia ya watu, na ofisi inakuja kusikia kutoka kwa mgeni. Nisieleweke kwamba walificha. Nadhani walifanya kile ambacho wakuu wengi wa shule hufanya hata huku kwetu: timu ina mtu wake, mtu huyo anaaminika, matokeo yanakuja, basi uwanja unaachwa uwe nchi yake. Mkuu anaonekana kwenye mechi kubwa, anapeana mikono, anarudi ofisini. Kumwachia kocha namna hiyo tunakuita kumwamini. Lakini mwamini mtu huku unamtembelea. Ukimwachia bila kumtembelea umemtelekeza yeye pamoja na watoto aliopewa.

Baada ya pongezi zile za Septemba mambo yalikwenda mbio. Mkurugenzi wa michezo alimwonyesha Kennedy kwamba hakubaliani na jambo hilo. Kennedy akaandika Facebook kwamba anadhani huenda amefukuzwa kazi kwa sababu ya kusali. Hakuwa amefukuzwa, ila maneno hayo yalisafiri. Tarehe 17 Septemba msimamizi mkuu wa wilaya ya shule, yaani chombo kinachoendesha shule za umma za mji ule, Aaron Leavell, akamwandikia barua. Barua ilikiri kwamba Kennedy hakuwa amewahimiza wala kuwalazimisha wanafunzi washiriki. Ikamtaka maneno yake kwa wachezaji yasiwe na dini, na sala yake binafsi isionekane kama sehemu ya kazi yake.

Kennedy alitii, na watu wengi wanaosimulia kisa hiki hupapita hapo haraka. Aliacha sala za chumba cha kubadilishia nguo, akaacha mahubiri ndani ya maneno ya kuhamasisha. Baada ya mechi moja aliondoka bila kusali, kisha moyo ukamrudisha. Akageuka akarudi uwanjani watu wakiwa wameshaondoka, akapiga goti peke yake. Wilaya haikumpinga kwa hilo. Kwa majuma kadhaa kulikuwa na njia ambayo pande zote mbili zingeweza kupita. Ingekuwa mimi ni mkuu wa shule ile, majuma hayo ningeyashika kwa mikono miwili. Ningemfuata nyumbani kwake. Ningemwambia: Kocha, nakuheshimu, imani yako naiheshimu, sasa njoo nikueleze kuhusu kijana ambaye hawezi kukuambia mwenyewe.

Badala yake mazungumzo yakahamia kwenye karatasi. Tarehe 14 Oktoba wanasheria wa Kennedy wakaandika kwamba atarudi kusali kwenye mstari wa yadi 50 mara baada ya mechi ya tarehe 16, na vyombo vya habari vikapata habari kabla ya siku hiyo. Ilikuwa mechi ya kuwakaribisha wahitimu wa zamani, kubwa kuliko zote za msimu. Wachezaji wa Bremerton walikuwa wamelielekea jukwaa wakiimba wimbo wa shule, Kennedy akapiga goti. Wachezaji wa timu ya wageni wakamjia, na watu wa jukwaani wakaruka uzio na kukimbilia uwanjani na kamera, wakiwaangusha watoto wa bendi njiani.

Watoto wa bendi, wenye tarumbeta na ngoma, walikuja kuwapigia wenzao muziki, wakaangushwa na watu wazima waliokuwa wanakimbilia sala. Nimesoma maelezo mengi ya kesi hii, na nashangaa jinsi watoto hao wanavyotajwa kwa nusu sentensi.

Baada ya hapo kila mtu alikuja na lake. Waumini wa dini ya Shetani waliomba nao wafanyie ibada zao uwanjani. Wilaya ikaweka matangazo na kuwapigia wazazi simu za kurekodiwa kwamba uwanja si wa umma. Kocha mkuu wa timu, mtu mwingine kabisa ambaye hakuwa na ugomvi na yeyote, alifuatwa na mtu mzima asiyemjua akatukanwa usoni. Alihofia kwamba yeye au wasaidizi wake wangepigwa risasi kutoka jukwaani. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka 11. Akaiacha.

Wilaya ilimpa Kennedy nafasi nyingine: asali mahali pa faragha ndani ya shule, au uwanjani watu wakishaondoka. Akasali tena tarehe 23 na tarehe 26. Tarehe 28 Oktoba akapewa likizo ya lazima yenye malipo, na msimu uliofuata hakuomba upya kazi. Mwaka 2016 akaishtaki wilaya.

Safari ya mahakama sitaisimulia yote. Mahakama za chini ziliipa wilaya haki. Mahakama ya Juu, tarehe 27 Juni 2022, ikampa haki Kennedy kwa kura 6 kwa 3. Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alizitazama zile sala tatu za Oktoba peke yake na kuziita sala fupi, ya kimya, ya mtu binafsi. Jaji Sonia Sotomayor, aliyeandika kwa walioshindwa, aliweka picha ndani ya hukumu yake: kocha kasimama, helmeti juu, vijana wamemzunguka. Majaji walitazama uwanja uleule. Mmoja alimwona mtu mmoja na Mungu wake, mwingine akawaona vijana waliopiga magoti.

Kwa mwalimu, jambo lenye uzito zaidi katika hukumu ile lipo mahali pasipotajwa sana. Barua za wilaya za mwaka 2015 zilibeba hofu moja kubwa, kwamba watu wakiona kocha anasali wataona shule inaunga mkono dini, na wilaya itashtakiwa. Zilizungumzia picha ya shule na usalama wa shule kisheria. Katika maelezo waliyoyatoa hadharani mwaka huohuo, viongozi wenyewe waliandika kwamba hakuna ushahidi kwamba wanafunzi walilazimishwa moja kwa moja kusali na Kennedy. Nadhani waliandika hivyo kwa nia njema, kumpunguzia kocha aibu na kupoza mambo. Miaka saba baadaye sentensi hiyo ikanukuliwa dhidi yao. Waliposema mahakamani kwamba watoto walikuwa na shinikizo, Gorsuch aliwarudishia maneno yao wenyewe: mbona hamkusema wakati ule?

Hawakusema kwa sababu yule kijana asiye na dini, aliyekuwa anapiga goti ili apangwe, hakuwa ndani ya barua. Alikuwa ndiye sababu bora kuliko zote, na ndiye aliyeachwa nje. Uongozi ulijilinda kwanza. Nimekaa kwenye vikao vya shule vya kutosha kujua jinsi inavyotokea: linazuka jambo la mwalimu anayependwa, na swali la kwanza mezani linakuwa "hili likitoka nje itakuwaje?" Saa mbili zinapita, chai inanywewa, na jina la mwanafunzi halijatajwa.

Na neno "moja kwa moja" nalo lina kosa lake. Kocha halazimishi moja kwa moja, hana haja. Anasimama mahali, anafanya jambo analolithamini, na watoto wanaomtegemea wanasoma. Kocha akipenda wanaokimbia mizunguko ya ziada, utaona wanakimbia. Akichukia wanaocheka baada ya kufungwa, watanuna hata wasio na huzuni. Nguvu hiyo ndiyo inayowafanya makocha wa shule wawe baraka. Kennedy mwenyewe angekubali kwamba vijana walimfuata kwa mambo mengi, kwa nidhamu, kwa juhudi, kwa namna ya kubeba kushindwa. Ukiikubali nguvu hiyo kwenye mazoezi, huwezi kuikana kwenye mstari wa yadi 50.

Najua wasomaji wengi wa huku watauliza shida iko wapi. Shule zetu nyingi huanza siku kwa sala, na mechi bila dua watu huona ina mkosi. Sheria za Marekani si zetu, na sitaki kuzileta. Nawaomba tu mwondoe neno sala muweke kitu kingine: kocha anayewapeleka vijana kwenye mkutano wa chama chake, kocha anayewataka wanyoe kichwa kama yeye, kocha anayewatuma shambani kwake Jumamosi na "asiyetaka asije." Asiyetaka atakuja. Ndipo mkuu wa shule anapohitajika, na anapaswa kuwa ameshafika uwanjani kabla ya hapo, mara nyingi, bila suti, ili siku akimwita mtoto pembeni na kumuuliza mambo yakoje, mtoto asidhani kuna msiba.

Mwaka 2023 wilaya ilikubali kulipa dola 1,775,000 za gharama za wanasheria wa Kennedy, ikamrudisha kazini. Tarehe 1 Septemba mwaka huo alisimama tena pembeni ya uwanja wa Bremerton. Mechi ilipokwisha alitembea hadi katikati, akapiga goti peke yake, kamera zikimtazama, kisha akasimama. Siku chache baadaye alijiuzulu. Wachezaji wa usiku ule walikuwa watoto wadogo wa shule ya msingi siku jambo hili lilipoanza.

Timu yangu ya sasa bado inaomba kabla ya mechi, wanaotaka. Nimewapa dakika tano ambazo ni zao. Wapo wanaoshikana mabega, wapo wanaosikiliza muziki, mmoja huzunguka goli anaongea peke yake. Dakika hizo nachukua madumu ya maji, naenda bombani nyuma ya madarasa, nayajaza mimi mwenyewe. Bomba lile lina maji madogo. Sirudi mpaka yamejaa yote.